Mtaalamu wa Ukurasa wa Kwanza

Frednand ni mtoto wa kaka yangu Protasi, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Alizaliwa Kabanga, mpakani, nyumba ya nne kutoka pale wanapokaa wabadilisha fedha, na nadhani ndiko alikojifunza kuongea haraka huku macho yake yako kwingine. Alisoma sekondari kwa kusuasua, akaenda Mwanza kusomea kompyuta miaka miwili, akarudi Ngara na cheti, viatu vyenye ncha, na cheo alichojipa mwenyewe: Mtaalamu wa Masoko Mtandaoni.

Ofisi yake ni meza moja ndani ya duka la fotokopi na picha za pasipoti. Ukutani amebandika karatasi: TUTAKUFIKISHA UKURASA WA KWANZA. Mtu akiuliza ukurasa wa kwanza wa nini, Frednand humtazama kwa huruma. "Watu wakitafuta kitu Google," anamwambia, "wanaangalia majibu ya ukurasa wa kwanza tu. Ukiwa wa pili, umekufa." Basi yule mtu, aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, anaondoka na hofu ambayo hakuja nayo.

Ninamsimulia huyu kwa sababu kuna mama mzee aliyesafiri siku mbili kwa ajili ya sentensi moja aliyoiandika Frednand. Alikuja kumtafuta mwanawe. Nitafika huko, lakini kwanza mjue sentensi hiyo ilitoka kwenye kichwa cha namna gani.

Mwaka juzi aliandaa semina na kuiita Siri Kumi za Tovuti Yenye Wateja. Tulihudhuria watu kumi na mmoja. Wenye tovuti walikuwa wawili: bwana mmoja wa kukoboa kahawa, na dada yangu Domisiana, ambaye tovuti yake Frednand alikuwa ameitengeneza wiki moja kabla ili semina isiaibike. Wengine walifuata soda. Sikatai, yapo ya maana aliyoyasema. Ukurasa ufunguke upesi hata kwenye simu ya bei rahisi, maana bando ni la kubana. Jina la mahali liandikwe wazi. Picha ziwe zako mwenyewe. Mgeni aliyelala vizuri aombwe aandike sifa kwa mkono wake. Hayo aliyapitia mbio mbio, akinywa maji katikati. Kisha akafika kwenye siri alizozipenda, akavua koti.

Siri zenyewe tuliziona kwenye tovuti ya dada. Dada Domisiana ana gesti ya vyumba sita pale Benaco, kando ya barabara ya kwenda Rusumo. Mimi napika na kushika simu. Miaka mingi tuliishi kwa madereva wa malori, lakini siku hizi malori yanavuka mpaka upesi, dereva hana sababu ya kulala. Vyumba vilikuwa vitupu, na dada akashawishika. Nilimwambia, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Frednand akadakia, "Shangazi Anneth, siku hizi hata chema kisipojitembeza kinaozea ndani."

Basi akakitembeza. Aliweka picha ya bwawa la kuogelea lenye minazi pembeni. Dereva mmoja akaja akaniomba nimwonyeshe hilo bwawa, nikampeleka nyuma nikamwonyesha tangi la maji ya mvua. Akaweka sifa za wageni sita, wote wakisifia samaki wetu. Hatujawahi kupika samaki. Mapishi yetu ni ndizi, maharage na nyama ikipatikana, na wageni wote sita walizaliwa kwenye kichwa cha Frednand.

Halafu akagundua neno. Ana mashine yake humo kwenye laptopu inayomwonyesha watu wanatafuta maneno gani, na ikamwambia kuwa huku kwetu hakuna neno linalotafutwa sana na watu wa nchi za mbali kuliko Benaco. Aliruka kwenye kiti. Akalipachika neno hilo kila mahali: vyumba vya Benaco, chai ya Benaco, usingizi mnono wa Benaco. Nilihesabu mara arobaini na saba, na bado kuna mengine aliyaficha kwa maandishi ya rangi ileile ya ukurasa ili mashine iyaone na binadamu asiyaone.

"Frednand," nikamuuliza, "unajua ni akina nani wanaoitafuta Benaco?"

"Shangazi, wageni ni wageni. Wakishaingia kwenye tovuti, kazi yangu imekwisha."

Alizaliwa mwaka tisini na saba, kambi ya wakimbizi wa Rwanda imeshafungwa, imeanza kugeuka vichaka na mashamba. Sisi wengine hatukuhitaji mashine kutuambia ni nani anayelitafuta jina hilo. Mahali hapa palikuwa mji wa turubai ambao mwisho wake haukuonekana. Watu walizaliwa hapa, walizikwa hapa, waliachana hapa. Lakini utamwambia nini kijana aliyekwenda Mwanza?

Hakuishia hapo. Aliona kuwa baadhi ya wanaotafuta huandika pia maneno kama ndugu aliyepotea. Basi akaongeza sentensi, juu kabisa, kwa herufi nene: Tunawasaidia wageni wetu kutafuta ndugu zao waliopotea Benaco. Baada ya wiki chache tukafika ukurasa wa kwanza. Frednand alileta soda kusherehekea na akanywa nyingi mwenyewe.

Simu ikaanza kulia. Hakuna aliyeuliza chumba. Mwanamume mmoja, sauti yake ikikatika kwa umbali, aliuliza kama bado kuna mtu anayemkumbuka fundi cherehani fulani. Mwanamke mwingine aliuliza kama makaburi yalibaki na alama. Nilikuwa nasonga ugali huku mtu analia sikioni mwangu, na sina la kumwambia ila pole. Nilipomwambia Frednand aiondoe sentensi ile, alinijibu, "Usiseme hatujui, shangazi. Sema karibuni, tutaangalia." Nilimtukana. Sioni haya kulisema hilo, nilimtukana tusi ambalo hata baba yake hajawahi kulisikia kwangu. Dada alisema atamwita waongee, akaahirisha, na mwezi wa saba ukatukuta sentensi bado iko pale pale.

Mwezi huo ndipo walipokuja. Mama mzee, Scolastica, na mwanawe Emilian, mwanamume wa miaka arobaini hivi. Walitoka Rwanda, na safari waliigawa mara mbili kwa sababu ya miguu ya mama. Emilian alijua Kiswahili. Alikijifunza hapa hapa, utotoni, kambini. Mkononi alikuwa na karatasi aliyochapisha kutoka kwenye tovuti yetu. Sentensi ile ilipigiwa mstari kwa kalamu, mara mbili.

"Shikamoo dada," akaniambia, ingawa tunakaribiana umri. "Tumekuja kwa hili."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikawakaribisha, nikaenda kumwita Domisiana shambani.

Dada alikaa na yule mama, wakaongea. Kihangaza chetu na lugha yao ni ndugu, husikilizana bila mkalimani, ingawa Frednand, kama vijana wengi wa mjini, hakijui. Mama Scolastica alisema kuwa Desemba ya mwaka tisini na sita, siku watu walipokuwa wanaondoka wote kurudi kwao, alisimama kando ya barabara hii, pale inapokata kona, kufunga mzigo uliofunguka. Binti yake Mwiza alikuwa na miaka minne, amevaa sweta jekundu. Alimpa dumu la njano ashike mpini wake, akamwambia, usiliachie mpaka nikushike mkono. Watu wakasukumana, msongamano ukawabeba yeye na Emilian mbele. Aliporudi pale, mtoto hakuwepo, wala dumu.

Ninaikumbuka siku hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimesimama juu ya tuta nikitazama watu wakipita na magodoro na masufuria tangu asubuhi. Sikumwona mtoto yeyote aliye peke yake. Au nilimwona na sikujua.

Dada alifungua chumba cha kwanza, kile kizuri, akatandika mwenyewe. Kwetu mtu aliyekuja na kilio halipii kitanda wala chakula. Marehemu mama yetu angefufuka atuchape. Nikacheka peke yangu jikoni, kicheko kibaya. Baada ya siri kumi, bwawa, samaki na Benaco arobaini na saba, mgeni wa kwanza kuletwa na mtandao akalala ni mgeni asiyeweza kutozwa hata senti.

Frednand alipopigiwa simu alikuja na bodaboda, laptopu mgongoni, amejaa tabasamu. Hakuwa ameambiwa zaidi ya kwamba kuna wageni wa tovuti. "Mteja wa kwanza!" akasema mlangoni, akamshika Emilian mkono kwa mikono yote miwili. "Mmetupata kirahisi, sivyo?"

"Kaa chini," Domisiana akamwambia. "Huyu mama hajui kusoma Kiswahili. Msomee ulichoandika."

Akadhani ni sifa. Akafungua laptopu, akasoma kwa sauti ya redio. Domisiana akaifasiri sentensi ile polepole, neno kwa neno. Mama mzee alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza swali. Dada akaligeuza kwa Kiswahili.

"Anauliza, mpaka leo mmeshawapata wangapi?"

Ndipo Frednand alipomtazama yule mama vizuri kwa mara ya kwanza. Aliangalia miguu yake iliyovimba, akaangalia karatasi yenye mistari miwili. Mimi nilikuwa nimesubiri saa hiyo kwa miezi, nikaona raha, ninakiri.

"Hakuna, bibi," akasema. "Niliandika tu. Ili watu waje."

Nilingoja laana. Mama Scolastica hakukasirika. Alifikiri kidogo, akajibu kwa sauti ya kawaida, na dada akafasiri. "Anasema, wewe uliandika, na sisi tuko mbali tukakuona, tukaja. Kumbe unaweza kuita mtu. Basi mwite na yeye."

Frednand aliinamisha kichwa. Kisha akaanza kufuta. Alifuta bwawa, akafuta wageni sita na samaki wao, akafuta chai ya Benaco na usingizi wa Benaco, mpaka jina likabaki mara moja tu, pale lilipostahili. Akatoka nje akapiga picha barabara yetu inapokata kona, na kilima nyuma yake, akachuchumaa ili ionekane kutoka chini, kama mtoto angeiona. Hiyo hakufundishwa na mtu. Aliiwaza mwenyewe.

Akarudi akauliza swali ambalo katika siri zake kumi halikuwemo. "Bibi, yeye mwenyewe akitaka kujitafuta, angeandika maneno gani?"

Emilian akatafsiri. Mama akasema hilo ndilo linalomsumbua usiku na mchana. Jina la ukoo mtoto hakulijua. Jina la mama yake hakulijua, alimwita mama tu. Kama aliokotwa na watu wema, huenda amekulia huko Biharamulo, labda Nyamahanga, analima mahindi, anaitwa jina jingine, ana watoto wake. Sasa ana miaka zaidi ya thelathini. Atakumbuka kaka aliyemwita Emi. Atakumbuka sweta. Atakumbuka watu wengi barabarani. "Na dumu," akasema. "Alikuwa mtoto wa kusikia. Nilimwambia asiliachie."

Frednand akaanza kuandika dumu la njano, nami nikamshika mkono. "Hilo usiliandike."

"Shangazi, ndilo atakalolikumbuka zaidi. Ndilo neno lenyewe."

"Na matapeli wakilisoma? Kila mwongo kuanzia hapa mpaka Kahama atasema alishika dumu la njano. Andika alikuwa ameshika kitu. Anayekijua atatuambia."

Alitazama laptopu, akanitazama mimi. "Sawa," akasema. Hajawahi kunikubalia kitu tangu aote meno. Akaandika kwa Kiswahili, Emilian akaandika chini yake kwa lugha yao, na ile sentensi nene ya zamani ikafutwa. Badala yake ikasomeka kuwa mama yake Mwiza yu hai na anamtafuta, na namba ya simu ni hii.

Walikaa siku tatu. Waliondoka asubuhi, na mama mzee alikataa gari lisimame mlangoni. Alitaka apandie pale kwenye kona. Frednand alimbebea mzigo, na viatu vyake vya ncha vikajaa vumbi.

Amerudi kwenye meza yake sasa, bado mwongeaji, bado anawatisha watu waliokuja kutoa kopi. Nitaendelea kumsema mpaka mmoja wetu azikwe. Ila siku hizi mwenye duka akimletea kazi ya tovuti, humuuliza kwanza ni nani atakayemtafuta, na kwa nini. Vyumba vyetu bado ni vitupu, na dada anasema ikifika Krismasi hali hii, atafunga arudi kulima maharage. Nimemwambia afunge, mradi namba ya simu tuendelee kuilipia.

Simu ninayo mfukoni hata nikienda kuteka maji. Ikilia namba nisiyoijua, na sauti ikiwa ya mwanamke, siulizi anataka chumba cha aina gani. Nasalimia, namwacha aseme alilonalo, na akifika kwenye barabara na watu wengi, namuuliza taratibu, "Mwanangu, ulikuwa umeshika nini?"