Dirisha la chumba cha Baba lilipokataa kufunguka, Noonkopir

Wakuu, supa, hamjambo.

Hii ya leo sikusimuliwa na mtu, nilikuwa ndani ya hiyo nyumba. Naandika juu nimeona mmoja wetu hapa akiuliza kama madirisha yake ya chuma yanaweza kuvumilia muda kidogo zaidi. Boss, soma hii kwanza.

Baba yangu anaishi Noonkopir, hapa Kitengela. Nyumba ni ya mawe, aliijenga akiwa kijana. Mimi na dada yangu Naserian tulizaliwa hapo. Mama yetu, yeyo, alishatuacha. Baada ya mazishi nilirudi kukaa na mzee.

Sasa yale madirisha.

Ilianza na vioo kupasuka vyenyewe. Hakuna mtu amerusha jiwe, unaamka tu unapata ufa kwenye kona. Baadaye nilikuja kujua ni kutu, inafura ndani ya fremu na kusukuma kioo. Mvua ikinyesha, maji hadi chini ya kitanda. Na upepo wa huku mnaujua. Pazia ilikuwa inacheza hata dirisha likiwa limefungwa.

Nilimwambia Baba tubadilishe. Naserian naye akapiga simu kutoka Kajiado town, akasema ataleta fundi mwenyewe.

Mzee akakataa katakata.

"Haya madirisha mama yenu ndiye aliyachagua," aliniambia. "Alisimama hapo na mimba yako, akimwonyesha fundi vile anataka maua ya grill. Nikienda, mtang'oa. Saa hii wacheni."

Fundi hakuja.

Akaanza kuziba mwenyewe. Magazeti, selotepu, nailoni, hadi sweta kuukuu akaikunja kwa ile nafasi ya chini. Dirisha la chumba chake likashikana na kutu, handle ikakatika. Yeye akasema afadhali, baridi haitaingia.

Kweli haikuingia. Hiyo ndiyo ilikuwa shida.

Asubuhi moja ya Julai, baridi mbaya, alitoka kuoga akabeba jiko la makaa akaingia nalo chumbani, akafunga mlango. Mimi nilikuwa jikoni namtengenezea chai. Nikamwita. Kimya. Nikamwita tena.

Nilipofungua mlango nilimpata ameanguka kati ya kitanda na ukuta, taulo bado begani. Wakuu, hakukuwa hata na moshi. Chumba kilikaa sawa kabisa.

Nilikimbilia dirisha, nikasukuma kwa mikono yote miwili. Halikusonga. Kichwa kikaanza kunizunguka. Nikachukua stuli nikavunja kioo, halafu nikamshika Baba makwapani nikamvuta hadi nje.

Jirani alitupeleka hospitali. Daktari akasema ni gesi ya makaa, haina harufu, na chumba kilikuwa kimezibwa kama chupa.

Baba alipona. Nasema alipona juu ndivyo watu husema. Anatembea, anakula. Lakini mambo mengi ya kichwani yalibaki kule chumbani. Siku zingine ananiita jina la kakake marehemu.

Akiwa bado wodini, Naserian alileta fundi. Wakang'oa madirisha yote wakaweka ya aluminiamu, yale ya kuteleza. Fremu zingine zilimeguka tu mikononi.

Siku ya kumrudisha tulimkalisha sebuleni na kikombe cha chai. Mwanga umejaa, upepo hakuna, dirisha unafungua na kidole. Aliliangalia kwa muda mrefu. Halafu akamgeukia Naserian, kwa heshima, vile mtu huongea na mwenyeji wake:

"Mama, hii ni nyumba ya nani? Tumeshukuru kwa chai, lakini turudi kwetu sasa. Mke wangu ananingoja."

Naserian alitoka nje.

Wakuu, dirisha likihitaji nyundo ndio lifunguke, hilo si dirisha tena, ni ukuta. Kioo kikipasuka bila sababu, kutu ikianza kubanduka kwa tabaka, usizibe. Badilisha. Na jiko la makaa lisiingie chumbani, hata kwa dakika.

Wenye wazee wasiotaka nyumba iguswe, nyinyi mlifanyaje? Na kama kuna mtu hapa anaishi na mzazi aliyepotelewa na kumbukumbu, tafadhali niambie: akiuliza mke wake yuko wapi, unamjibu nini? Huyu wangu huuliza kila jioni, na kila nikimwambia ukweli, analia kama ndio anasikia mara ya kwanza.