Msemaji Aliyeyapiga Chenga Maswali Yote

Ukiweza kumwambia mtu kwamba maji hayatatoka bombani kwake mpaka wiki ijayo, naye akakushukuru kwa kumwambia, basi wewe si mtu wa mchezo. Mzee Bomba alikuwa mtu wa namna hiyo. Kwenye vyeti alikuwa na jina jingine, lakini tangu alipoanza kuisemea idara ya maji redioni, watu walimbatiza hilo, naye akalipokea kwa moyo mweupe. Akipita sokoni, wauza mboga walimpigia kelele.

"Bomba! Leo unatoa maji au unatoa maneno?"

"Leo maneno, mama, lakini yamechujwa na kutiwa dawa!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na hasira ya ndoo tupu ikapoa kidogo.

Kazi ya afisa uhusiano wengi wanaiona ni kuongea tu, kama vile mtu alizaliwa na mdomo mrefu akapewa ofisi. Mzee Bomba aliisomea, kisha akaifundisha. Vijana waliopita mikononi mwake aliwafundisha kitu alichokiita chenga. Ukiulizwa swali usiloweza kulijibu papo hapo, lirudie taratibu, kama unalionja. Mshukuru aliyeuliza. Halafu kata kona, hamia kwenye jambo unalolijua. Lakini chenga yake ilikuwa na sharti moja, na hapo ndipo alipokuwa mkali kama pilipili.

"Zungukeni mtakavyozunguka," aliwaambia, "lakini usishuke pale mbele kabla hujawaachia kitu kimoja cha kushika. Saa, mtaa, namba ya simu, chochote. Mtu amekuja na shida yake. Usimrudishe na sauti yako nzuri peke yake."

Basi siku moja, katikati ya mahojiano, Mzee Bomba alitaka kumtaja mhandisi mkuu wa idara, mtu aliyekula naye chakula cha mchana miaka na miaka, na jina halikuja. Alilitafuta kama mtu anayepapasa swichi ukutani kwenye chumba chake mwenyewe, asiione. Mdomo, uliozoea kazi, ukamwokoa: "Wataalamu wetu wako kazini hivi tunavyozungumza." Mtangazaji akaridhika. Kipindi kikaendelea.

Aliona ni uchovu. Kisha ikawa majina ya mitaa. Kisha ikawa aliyoambiwa asubuhi, na njia ya kutoka choo cha ofisini kurudi kwenye meza yake. Dereva akianza kusahau, hupotea njia na abiria wakajua. Mpishi hutia chumvi mara mbili, walaji wakapiga kelele. Yeye alisahau ndani ya kazi ambayo kutojibu swali ni ufundi. Kila aliponaswa, chenga ilimtoa. "Swali zuri sana hilo, ndugu yangu. Nitakurudia na jibu kamili." Nani angeshuku? Ofisini walisema mzee anazidi kukomaa, sasa hakamatiki kabisa.

Nyumbani, mambo yalikuwa tofauti.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na macho makali, aliyekuwa akishonea sebuleni karibu na dirisha. Jioni moja alijifunga kitambaa cha zamani kichwani akamgeukia mumewe.

"Baba watoto, hiki unakikumbuka? Nilikivaa wapi mara ya kwanza?"

"Swali zuri," akasema Mzee Bomba. "La msingi ni kwamba mpaka leo hakuna anayekivaa kama wewe."

Mara ya kwanza mkewe alicheka. Mara ya pili alitabasamu. Baada ya miezi alikuwa hacheki tena. Alimuuliza alikuwa wapi mchana, akashukuriwa kwa kuuliza. Alimuuliza walichokubaliana juu ya paa linalovuja, akaambiwa suala hilo linafanyiwa kazi. Kuna usiku alikaa macho, akijiambia kwamba mume anayekwepa hivi ana mahali pengine anapojibu vizuri. Hakulisema. Alisonya tu, akakanyaga cherehani kwa nguvu kuliko nguo ilivyohitaji.

Sasa, chama cha maafisa uhusiano kilikuwa na utaratibu wake. Kila baada ya miaka michache, kila msemaji wa taasisi sharti arudi darasani kujinoa, na mwisho wa mafunzo asimame mbele ya kamera ajibu maswali kana kwamba janga limetokea kweli. Asiyepita hapewi leseni, na asiye na leseni haruhusiwi kuisemea ofisi yake. Mzee Bomba alikuwa amebakiza muda mfupi tu astaafu. Hakutaka kingine duniani ila afike huko akiwa bado na maikrofoni mkononi na hakuna aliyejua. Daktari hakumwendea. Aliogopa daktari angempa ule ugonjwa jina, na jina likishatolewa halirudi.

Asubuhi ya siku ya kamera, mkewe alimsimamisha mlangoni, akamnyoosha kola.

"Leo ukirudi tuzungumze," alisema. "Nimeshaongea na binti yetu. Nataka nikakae kwake."

"Siku ngapi?"

"Sijasema siku, mume wangu. Nimechoka kujibiwa kama mwandishi wa habari ndani ya nyumba yangu."

Alitaka kumjibu, na alichokipata mdomoni kilikuwa, "Nimekusikia, na ninaheshimu maoni yako." Mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaachia kola.

Mafunzo yalikuwa kwenye ukumbi mdogo wa hoteli, viti vya plastiki vimevishwa vitambaa vyeupe ili vionekane vya maana. Walikuwepo msemaji wa hospitali, wa benki, wa kampuni ya simu aliyevaa suti iliyombana kama soseji. Mkufunzi alikuwa mwanamke aliyeanza kazi chini ya Mzee Bomba, kijana mwoga asiyejua hata kushika maikrofoni. Siku hizi alikuwa anaitwa huku na huko kufundisha, lakini alipomwona mzee alikuja mpaka kwenye kiti chake akampokea mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mwalimu. Leo unanifanya nitetemeke. Nimsahihishe nani sasa?"

"Marahaba, binti yangu. Nisahihishe mimi. Usinionee huruma."

Darasa likacheka.

Kila mtu alipewa karatasi yenye kisa, dakika chache za kuisoma, kisha aiache mezani na kusimama. Cha Mzee Bomba kilikuwa kama amepikiwa yeye: maji machafu yameingia kwenye bomba la mtaa fulani, watoto wamelazwa. Karatasi ilitaja mtaa, idadi ya watoto, saa bomba lilipofungwa, na mahali wazazi watakapopata maji safi. Aliisoma mara mbili. Mara ya tatu aliisoma akisogeza midomo. Akaiweka mezani, akatembea hatua chache kufika mbele ya kamera, na ndani ya hatua hizo kila kitu kilikuwa kimeshamwagika.

"Msemaji," aliuliza yule wa suti, akijifanya mwandishi, "ni watoto wangapi?"

"Watoto wangapi." Alilirudia kwa uzito, macho yakalegea kwa huzuni. "Nakushukuru kwa kuanza na watoto, maana hata mimi ni mzazi. Kwetu sisi mtoto mmoja ni wengi mno."

"Ni mtaa gani?"

"Leo mtaa huo ni mtaa wetu sote."

"Wazazi wafanye nini sasa hivi?"

"Wazazi wajue hawako peke yao. Tuko nao, na hatutalala."

Sauti yake ilikuwa kama zamani, nzito na ya upole. Msemaji wa hospitali alifuta chozi. Alipomaliza, darasa zima lilisimama likapiga makofi, na kijana wa suti akasema kwa nguvu, "Jamani, sisi wengine turudi shule ya msingi!" Mzee Bomba aliinama kidogo. Jasho lilikuwa likimtiririka mgongoni.

Mkufunzi hakupiga makofi. Alirudisha picha nyuma akaitazama tena kwenye kompyuta, peke yake, vifaa vya kusikilizia vikiwa masikioni. Kisha akatangaza mapumziko ya chai, akamwomba mzee watoke naye. Walisimama kwenye korido, karibu na meza yenye vikombe vilivyotumika.

"Mwalimu, ule mtaa ulikuwa unaitwaje?"

"Swali zuri..."

"Mwalimu, tafadhali."

Mhudumu alipita akakusanya vikombe, akaenda zake.

"Darasa lote limekupigia makofi," mkufunzi alisema polepole, "na hakuna aliyejua maji safi yako wapi. Wewe ungemfukuza mtu kwa hilo. Mimi ulinirudisha nyumbani nikilia kwa hilo."

"Nilichoka tu. Nirudie jioni."

"Nilikusikia redioni mwezi uliopita. Nikajiambia ni mimi nimesikia vibaya. Na ule mwezi wa kabla yake pia." Sauti ilimkatika. "Siwezi kutia sahihi, Mwalimu."

Hasira ilimpanda ghafla, mpaka mwenyewe akashtuka. "Nani alikufundisha kusimama? Nani alikutoa kwenye kuchapa barua za watu? Leo unakuja kunivua nguo mbele ya watoto?"

"Ni wewe. Ndiyo maana nimeiona. Wengine wote hapo ndani hawakuona."

Safari hii hata chenga haikuja. Aliegemea ukuta. Mkufunzi alimshika kiwiko kama anayemshika baba yake kwenye ngazi.

"Sijamwambia mtu," alisema. "Nitaandika hukumaliza mafunzo, basi. Lakini ofisini hawatakuruhusu tena mbele ya kamera, na siku moja ingekuwa watoto wa kweli. Nenda kwa daktari. Mama anajua?"

Mzee Bomba alitikisa kichwa.

"Hata mama?"

"Mama anadhani mimi ni mjeuri," akasema.

Mkufunzi alimtafutia teksi mwenyewe, akamwelekeza dereva mpaka kwenye geti la nyumba, kwa sababu mzee alipoulizwa njia aliangalia nje dirishani na kusema twende tu.

Mkewe alikuwa ameshafunga begi. Lilikuwa karibu na cherehani, na yeye ameketi juu ya kiti bila kushona, mikono imelala mapajani. Jua la alasiri lilikuwa bado limejaa sebuleni.

"Umefaulu?" aliuliza.

Lilikuwa swali dogo. Majibu kumi mazuri yalimjia mdomoni, yote laini, na alijua akitoa moja tu begi lile litatoka mlangoni.

"Hapana," akasema.

Mama aliinua uso.

"Nasahau, mama watoto. Si mambo madogo. Nasahau kila kitu. Ninaposema swali zuri ni kwa kuwa sijui jibu. Kile kitambaa sikijui. Sijui tulikubaliana nini juu ya paa. Nimekuwa nikipotea humu humu ndani, na wewe uko hapo unashona."

Mkewe aliweka kiganja mdomoni, na sauti iliyotoka chini ya kile kiganja ilianza kama kicheko.

"Mimi nilijua una mwanamke," alisema. "Nilikuwa nanusa mashati yako. Mwaka mzima nanusa mashati ya mgonjwa!" Halafu kicheko kikageuka. "Afadhali ungekuwa na mwanamke, Mungu wangu. Mwanamke ningemwendea. Hiki nitakiendea wapi?"

Mzee Bomba alisogea akapiga magoti karibu na kiti cha mkewe. Mkewe alimwinamisha kichwa begani kwake, kichwa kile kilichojua kusema, na wakalia wote wawili bila kufichana. Walipomaliza, mama alijipangusa kwa kipande cha kitambaa cha kushonea, akampangusa na yeye.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenitazama kama unavyonitazama sasa."

Hakubisha. Alimtazama hivyohivyo.

"Kuna kitu nataka kukuuliza," alisema Mzee Bomba baada ya muda. "Nimekaa nacho muda mrefu. Naogopa kumuuliza mtu, wataniona nimerukwa na akili."

"Niulize."

"Mama yangu yupo?"

Mkewe alifumba macho. Alikumbuka jioni ile, si muda mrefu baada ya mazishi, mumewe alipochukua simu akasema ampigie mama amjulie hali, na yeye akadhani ni uchungu tu, akamwacha.

"Hayupo, mume wangu. Tulimzika mwaka jana."

Aliipokea habari ile kama inavyopokewa siku ya kwanza. Mabega yalimwanguka. Mdomo ulifunguka kama wa mtoto, na alilia kilio kingine kabisa, cha chini, huku mkewe akimshika kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akijua kwamba huenda kesho atamuuliza tena, na atalazimika kumfisha mkwewe upya.

"Na mimi nilikuwepo?"

"Ulikuwepo. Ulimshika mkono mpaka mwisho. Na kaburini ulizungumza kwa niaba ya ukoo."

"Nilisema nini?"

Alimwambia, kwa kadiri alivyokumbuka. Kwamba alisema mama yake aliamka kabla ya watu wote na kulala baada ya watu wote, hata wanawe wakadhani halali. Kwamba hakuwahi kuwapiga ila mara moja, na siku hiyo alilia kuliko wao. Kwamba alisema asante, kisha akasema asante tena, halafu akashindwa kuendelea akakaa chini kwenye udongo na suti yake.

Mzee Bomba alisikiliza kwa makini, kichwa amekiinamisha upande, kama alivyozoea kumsikiliza kijana wake anayesimama mara ya kwanza mbele ya watu.

"Alizungumza vizuri," akasema.

"Ulizungumza vizuri. Watu walilia."

"Niambie tena."

Mkewe alikivuta kiti karibu, akashika mkono wake, akaanza tangu mwanzo.