Mshauri wa Asubuhi

Wasikilizaji walimwita Daktari, ingawa hajawahi kumfunga mtu hata bandeji. Kazi yake ni kusoma kipindi kifupi cha afya redioni kila asubuhi, na sauti anayo, hilo hatumnyimi. Vijana wenzangu, husema, akili nayo hula: punguzeni sukari, kuleni mboga, tembeeni mpaka jasho liwatoke, mtaona moyo unavyochangamka. Akimaliza hupanda pikipiki kurudi chumbani kwake, mwendo ambao hata bibi kizee angeutembea, hushusha pazia na kujilaza chali. Mlo wake ni biskuti na soda. Kuna siku hulia bila kujua analilia nini, halafu hujionea aibu, maana yeye ndiye bingwa wa kuwatia wenzake moyo.

Baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, alimwamini mzima mzima. Aliacha soda, akaanza kutembea alfajiri, na pale karakana akawachosha watu: mwanangu kasema hivi, mwanangu kasema vile. Jumapili moja akamfuata bila taarifa ili watembee pamoja.

Mlango ulipofunguliwa, mzee alikanyaga pakiti tupu. Chupa zilijaa chini ya kitanda, na sufuria pekee ilikuwa na vumbi. Kijana alitamani ardhi ipasuke immeze. Akajichekesha, akasema wiki hii kazi zimemzidi, uongo ambao hata mwenyewe haukumwingia. Mzee alimwambia tu avae viatu.

Hawakufika mbali. Kwenye mwinuko mdogo nyuma ya shule, Daktari alisimama akihema, mikono kiunoni, na baba mtu, mwenye mvi kichwa kizima, ikabidi amsubiri. Hapo yakamtoka yote: kwamba kupika hapiki, usingizi haupati, na kila asubuhi anawasomea watu mambo yanayomshinda mwenyewe.

"Baba, wale wa karakana usiwaambie," alisema. "Watakucheka."

Mzee alikaa kwenye ukingo wa mtaro, akavua kofia na kujifutia uso.

"Wakinicheka ni haki yao," alisema. "Mwanangu anaumwa, na mimi kila asubuhi naongeza sauti ya redio nipate kujidai."

Kijana alikuwa amejiandaa kugombezwa. Kumwona baba yake akiona aibu, hilo hakulitegemea. Akakaa kando yake, asiweze kumtazama usoni.