Mafuta Baridi ya Mama Mikono

Kwa miaka ishirini Mama Mikono alikuwa amekanda migongo ya makuli, wapishi na mabibi harusi, na wote walimsifu kwa maneno yaleyale: mikono yake ina dawa. Sifa hizo zilimvimbisha kichwa kidogo, tuseme ukweli. Ndiyo maana wifi yake, dada wa mumewe, alipojilaza kwenye kitanda chake cha kukandia, Mama Mikono alidhani ni kazi ya nusu saa tu.

Wifi alikuwa mwoka mikate, na ndiye aliyeshika funguo za bekari ya mtaani. Hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Lakini mwaka huu hedhi ilianza kumpiga chenga, joto likawa linampanda kifuani mpaka utosini, na usiku alikuwa macho makavu, anahesabu mbao za dari. Nesi alimweleza kwamba huo ni ukomo wa hedhi, si ugonjwa.

"Sawa, si ugonjwa," alisema wifi, "lakini mbele ya tanuri utanimaliza. Ijumaa narudisha funguo, naacha kazi."

"Nipe mpaka hiyo Ijumaa," alijibu Mama Mikono.

Akadondosha matone mawili ya manukato ya lavenda kwenye kichupa cha mafuta ya nazi, kisha akakitumbukiza kwenye bakuli la maji moto, kama alivyomfanyia kila mteja tangu aanze kazi. Mafuta yalipogusa mgongo tu, wifi aliruka chini, jasho chapachapa, shuka likimfuata.

"Unanikaanga! Mimi kiazi?"

Mama Mikono alitamani ardhi ipasuke. Miaka yote hiyo anapasha mafuta, na hajawahi kujiuliza kama kuna mwili usiotaka moto! Kichupa kikahamia kwenye friji, ubavuni mwa maziwa. Kesho yake alifungua madirisha yote, akamwekea wifi taulo bichi shingoni, akaanza na nyayo, taratibu. Wifi alishusha pumzi ndefu.

"Hapohapo, wifi yangu. Usihame."

Wakafanya hivyo kila jioni mpaka Alhamisi.

Ijumaa, saa moja asubuhi, mwanamke anayekanda unga pamoja na wifi bekarini aligonga mlango wa Mama Mikono kwa ngumi. "Bekari imefungwa! Wateja wamejaa mlangoni, na dada haonekani!"

Mama Mikono akatoka mguu niponye, ndala moja yake, nyingine ya mumewe. Nimemgandisha mtoto wa watu, alijiambia. Wakafika nyumbani kwa wifi, wakagonga, kimya. Wakatega sikio dirishani: mkoromo!

Waligonga mpaka mlango ukafunguka. Wifi alikuwa na mikunjo ya mto shavuni.

"Saa ngapi?"

"Saa moja imeshapita!"

Wifi akapiga ukelele uliowatoa majirani nje. "Nimelala! Wifi, nimelala usiku kucha!" Wakakumbatiana, wakarukaruka palepale mlangoni, wanawake wazima wanacheka na kulia kwa pamoja.

Yule mwanamke wa bekari, ambaye hakusahau kwamba leo ndiyo Ijumaa ya kurudisha funguo, akanyoosha mkono. "Basi nipe hizo funguo."

Wifi akaingia ndani, akazichomoa chini ya mto, akatoka akizitumbukiza mfukoni mwa gauni.

"Hizi? Thubutu!" alisema, akatangulia mbio kuelekea bekari.