Sahani Nne za Jumamosi

Nyumbani kwetu Kampemba hatuli bukari, ugali wetu, kwenye sahani moja kama watu wengine. Binti yangu mdogo hawezi. Mkono wa mwingine ukigusa chakula chake, anaziba masikio na kulia mpaka jirani anagonga ukuta. Basi kila mtu ana sahani ya rangi yake, na ni yeye anayezipanga mezani: tatu siku za kazi, nne Jumamosi, baba yake akirudi kutoka migodi ya Kambove. Binti huyo ana miaka kumi na saba. Hajakosea hata siku moja.

Daktari alituambia ni otisme, ile ambayo vitabu vinaiita usonji. Kanisani waliniambia ni pepo. Wifi yangu aliniambia nimemdekeza. Nimewajibu watu miaka yote hii, jamani, mdomo umechoka.

Labda ndiyo sababu sikubisha. Jumamosi moja familia ya mchumba wa binti yangu mkubwa ilikuwa inakuja kujitambulisha, na wifi akanivuta jikoni.

"Umupeleke ule mudogo kwa jirani," akasema. "Bakimuona, batasema ile ugonjwa iko mu damu. Yaya yake, huyu dada mukubwa, ataolewa na nani?"

Nilimpeleka. Yeye maneno anayachukua vile vile yalivyosemwa, kwa hiyo, ili asirudi mapema, nilimwambia waziwazi: "Leo wewe hauko muntu wa hii nyumba." Nilisema hivyo. Mimi niliyemzaa.

Wageni walikaa, wakanywa, wakacheka. Mama wa mchumba akauliza tuna watoto wangapi. Wifi akadakia: "Ni huyu moja tu." Mume wangu akatazama viatu vyake. Mimi nikaongeza soda kwenye glasi iliyokuwa bado imejaa, ikamwagika.

Wakaaga, wakiahidi kurudi na mahari Jumamosi ijayo. Nikaenda kumchukua binti yangu. Alipoingia tu, akafungua kabati. Nyekundu, ya baba. Kijani, yangu. Nyeupe, ya dada yake. Akafunga kabati, akasimama mlangoni.

"Umesahau yako," baba yake akasema.

"Sikusahau. Mama alisema leo mi siko muntu wa hii nyumba."

Hakuwa na hasira. Laiti angenitukana! Alikuwa anashika neno langu, basi. Mume wangu aliniangalia, na aibu niliyoisikia siku ile sitaki kuisikia tena.

Nikatoa sahani ya bluu, nikaiweka mwenyewe.

"Uko," nikasema. "Mama alikosa. Uko."

Aliitazama muda mrefu. "Na Jumamosi, bageni bakirudi?"

Wifi, aliyekuwa anatafuta mkoba wake, akanikodolea macho. Binti yangu mkubwa akainamisha kichwa. Ndoa ilikuwa yake, si yangu. Nilikuwa nimechoka, Mungu wangu, nimechoka mpaka uongo wenyewe ulinishinda kubeba.

"Jumamosi utaweka sahani za bote," nikamwambia. "Na yako."

Akaenda kunawa mikono.