Mipira ya Ngozi ya Mjerumani

Lifti ya jengo letu kule Newtown ilinuka mkojo. Mkojo wa walevi, wa mbwa, wa watu wazima wasio na haya, na juu yake dawa ya kusafishia yenye harufu ya ndimu ya uongo. Ptu! Nilikuwa na miaka kumi, na kila asubuhi niliziba pua kwa skafu ya shule. Baba hakuziba pua. Kabla hatujahamia Birmingham alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha chapa cha misheni kwetu Tanzania. Hapa alisafisha mabasi. "Mwanangu," alinicheka, "bila mkojo hata Biblia isingepigwa chapa." Akanisimulia habari za Mjerumani wa kwanza kuichapa: herufi za madini ya risasi, wino mzito, na mipira ya ngozi ya kupakia wino huo. Ngozi ikikauka hupasuka, basi wapiga chapa wa enzi zile waliilowesha kwenye mkojo ilainike. Nikaikaza skafu puani.

Mwaka huohuo mwalimu wetu aliwaalika wazazi waje kueleza kazi zao. Baba alivaa suti yake ya harusi, akaja na herufi chache alizozitunza tangu kiwandani. Kiingereza alikielewa vizuri ila ulimi ulikuwa mzito, kwa hiyo nilisimama ubavuni pake kumkalimania, kama tulivyozoea hospitalini. Watoto walitulia tuli, wakipokezana zile herufi kama vifaranga. Alipofika kwenye mkojo, nilikumbuka lifti. Nikasema ni maji.

"Sema mkojo, mama," Baba alininong'oneza. "Huo ndio utamu wenyewe."

Abdi, Msomali aliyelelewa Nairobi, alimsikia. "Miss, amesema mkojo! Biblia ya mkojo!" Darasa zima likaangua kicheko, wengine wakaziba pua wakinitazama mimi. Mwalimu akaniuliza kama ni kweli. Nikamjibu kwa Kiingereza changu safi kwamba baba yangu kichwa chake hakiko sawa, tumsamehe tu. Baba alielewa kila neno. Alizikusanya herufi moja moja, akazifuta kwa leso, akawaaga watoto kwa adabu. Tangu siku ile hakutaja tena kiwanda cha chapa.

Mkataa kwao ni mtumwa, nami nilijiuza kwa bei ya kicheko cha watoto. Mwaka jana, katika jumba la makumbusho Ujerumani, niliikuta mipira ile ndani ya kioo na maelezo yake: ngozi, manyoya, mkojo. Kinyaa kilinipanda, lakini si cha mipira. Nilijichukia mimi.

Niliporudi nilimsimulia mwanangu habari ya mipira ile, nikampeleka kwa babu yake. Lifti sasa inanukia sabuni. Mwanangu Kiswahili anakisikia tu, basi akauliza kwa Kiingereza: eti Babu, yule Mjerumani aliichapaje Biblia? Baba aliendelea kumenya chungwa lake, taratibu, bila hasira yoyote.

"Muulize mama yako," alisema. "Mimi kichwa changu hakiko sawa."