Jina Ambalo Kifo Hakikulijua

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa dukani na kurudi mbio, nyumbani kwetu kulikuwa na mwiko mmoja ambao hata Baba, aliyejiona mtu wa kisasa, hakuthubutu kuuvunja: huitiki unapoitwa na mtu usiyemwona. Ukisikia jina lako kutoka nje, unanyamaza. Unakwenda dirishani, unachungulia, na ukishamwona anayekuita kwa macho yako ndipo unafungua mdomo. Tulikuwa tunakaa kwenye fleti za matofali mekundu karibu na Bankstown, hapa Sydney, ghorofa ya kwanza, mahali ambapo watu huitana uani kutwa nzima kwa lugha zote za dunia. Sisi tulionekana familia ya mabubu. Mwalimu wangu alifikia kumwita Mama shuleni amuulize kama nina matatizo ya masikio.

Mwiko huo ulikuwa wa Bibi, mama yake Baba, na hakuuokota njiani. Huko Burundi, babu yetu aliitwa kwa jina lake na sauti ya jirani. Akaitika, akafungua, akakatwa mapanga pale pale mlangoni, Bibi akiwa nyuma yake na Baba mgongoni. Miaka mingi baadaye, tukiwa kambini Tanzania, kaka yangu mkubwa, Dieudonné, aliitwa kutoka nje ya hema. Nilikuwa mdogo sana lakini sauti ile naikumbuka, ilikuwa ya upole kabisa. Alijibu, "Naam," akatoka. Asubuhi walimkuta nyuma ya vyoo, kichwa kimepasuliwa kwa jembe. Hatukujua ni nani wala kwa nini. Bibi peke yake ndiye aliyekuwa na jibu: kifo cha ukoo wetu hakibahatishi, huita kwa jina.

Kwa hiyo Mama alipojifungua mtoto wa kiume hapa Sydney, Bibi alikataa katakata apewe jina na mtu yeyote wa kwetu. Kwenye kilima alikozaliwa yeye, mtoto anayekuja baada ya msiba kama ule hupewa jina na mtu baki, yule wa kwanza kubisha hodi baada ya mtoto kuletwa nyumbani. Na huyo mgeni lazima asimame mlangoni atamke: "Huyu ni wangu. Anayemtafuta aje kwangu." Wenzetu wa kanisani walikuja na masufuria ya wali wakarudishwa nayo, maana walikuwa Warundi. Akaja muuguzi mmoja Mkenya, rafiki wa Mama, naye akarudishwa. "Kenya ni karibu sana," Bibi alisema, kana kwamba kifo kinapanda basi.

Kesho yake akabisha Jun-ho. Alikuwa Mkorea aliyekaa fleti ya chini yetu, fundi wa marumaru, zile tailizi za bafuni na jikoni, na alikuja kulalamika kwamba maji ya bafu letu yanavuja kwenye dari yake. Bibi alichungulia, akamwona, akafungua, akamshika mkono na kumkalisha kwenye kochi na suruali yake iliyojaa vumbi la saruji. Kabla hajamaliza kusema habari ya dari, mtoto alikuwa mapajani mwake.

"Mwambie huyu mutu atupatie jina," Bibi aliniambia. "La kwao, si la kwetu."

Nilikuwa na miaka minane na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa ukoo mzima. Jun-ho alinisikiliza, akamtazama mtoto, kisha akanieleza polepole ili nielewe. Kwao jina halikurupukiwi. Alipozaliwa yeye, babu yake alipeleka saa ya kuzaliwa kwa mtaalamu wa majina, akazipima alama za maandishi mpaka zikapatana na saa ile. Za kwake zilikuwa na maana ya mtu hodari na ya maji mapana, na binamu zake wote wa kiume walimalizia na Ho kama yeye. Hawezi kutunga jina akiwa amekaa kwenye kochi. Jina pekee analoliamini ni lake mwenyewe. Hapo akaona haya, masikio yakawa mekundu, kwa sababu kwao kumpa mtoto jina la mkubwa aliye hai ni utovu wa adabu.

"Lakini huyu si ndugu yangu," alisema, "kwa hiyo labda si vibaya."

Nilipotafsiri, Bibi alipiga vigelegele mpaka mtoto akaamka. Jun-ho akasimama mlangoni, nikamlisha yale maneno moja moja, naye akayatamka kwa shida kama mtu anayetafuna nyama ngumu. Jioni hiyo hiyo alirudi na ndoo yake akaliziba bafu letu.

Mambo hayakuisha hapo, maana Bibi alikuja kugundua kwamba jina lenyewe ni la kawaida mno. Jun-ho alitusimulia akicheka kwamba darasani kwao walikuwepo kina Jun-ho kadhaa, wakawa wanatofautishwa kwa urefu, na kwamba hapa Sydney kwenyewe anawajua wengine, mmoja daktari wa meno, mmoja mchungaji. Bibi alinuna siku nyingi. Tulidhani atadai jina lirudishwe. Mwishowe akatoka chumbani uso umechangamka, akasema, "Ni vizuri. Kifo kitachoka kuuliza."

Basi tukawa na Jun-ho Mkubwa na Jun-ho Mdogo. Baba, ambaye Kiswahili chake alikisomea Kigoma, alimfundisha yule Mkubwa kwamba watu wa jina moja huitana somo, na mtu wa watu akalishika neno. "Somo!" aliita kila akirudi kazini, na mdogo wangu alichungulia kwanza, kama tulivyofundishwa, kisha akateremka ngazi mbio. Kila alipomnyanyua juu alisema maneno mawili matatu ya Kiswahili aliyobaki nayo: "Huyu ni wangu." Hakuwa na mke wala mtoto. Nadhani alifurahi kuwa na mtu wa kumwita.

Mdogo wangu alipofika miaka mitano, dada yake Jun-ho Mkubwa, Eun-ji, alihamia pale chini na sanduku moja. Mama anafanya kazi ya kuwaogesha wazee na anajua miili. Alimtazama shingoni mara moja tu, akarudi juu akasema, "Ni vidole vya mtu." Mume wake Eun-ji alianza kuja. Alikuwa anasimama uani akimwita shemeji yake, "Jun-ho ya! Jun-ho ya!" na hiyo ya ni ya Kikorea ya kuitia mtu, kisha anafoka mpaka majirani wafungue madirisha, ndipo anaondoka.

Bibi alisikiliza sauti ile siku ya kwanza akaacha kula. "Tulichukua jina hatukuuliza nani analitafuta," alimwambia Mama. "Huyu mutu atakuja kulichukua." Mama alimwambia aache kututia hofu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, najifanya siamini mambo ya wazee, lakini usiku nilivuta godoro la mdogo wangu karibu na langu.

Alikuja Jumamosi moja ya joto kali, mchana kweupe. Baba na Mama walikuwa kazini. Nilikuwa uani naanika mashuka kwenye kamba za mlingoti unaozunguka, mdogo wangu anakimbia katikati ya mashuka, na Bibi yuko juu kwenye roshani akitwanga karanga. Pikapu ya Jun-ho Mkubwa ilikuwa wazi nyuma, zana zote nje, maana ndiyo kwanza alikuwa amerudi. Gari likaingia kwa kasi likapiga pipa la taka. Yule mume akashuka, shati limepigwa pasi vizuri, na akaanza kuita.

Mlango wa chini ulifungwa kwa ndani. Akaupiga mateke. Ulipokataa, akaiona pikapu, akachagua nyundo kama mtu aliye dukani, akarudi na kuvunja dirisha. Eun-ji alikuwa analia ndani. Mume akaingiza mkono kwenye kioo kilichovunjika kutafuta kitasa, mtu ndani akaupiga kwa kitu, mkono ukatoka unachuruzika damu. Hapo akazidi kuita lile jina, sasa kwa sauti nyembamba isiyofanana na yake.

"Usiitike!" Bibi alipiga kelele kutoka juu. Mpaka leo sijui alimwambia yupi.

Niligeuka kumtafuta mdogo wangu kwenye mashuka, hayupo. Alikuwa anatembea kumwendea yule mtu, mkono mmoja juu kama walivyomfundisha shuleni. Kwa sheria za Bibi hakuwa amekosea lolote. Aliyemwita alikuwa anaonekana.

"I'm Jun-ho," alisema.

Yule mtu akamtazama. Nadhani aliona anadhihakiwa. Akamkamata ukosi wa shati, akamwinua mpaka vidole vya miguu vikawa vinagusa zege kwa mbali, akainua nyundo juu ya kichwa chake na kuukemea mlango. Sikuhitaji Kikorea. Alikuwa anasema fungueni, la sivyo. Mimi nilisimama na shuka bichi mikononi. Nilimwona Dieudonné. Nilikiona kichwa cha mdogo wangu, kidogo vile, kimenyolewa Ijumaa.

Ufunguo ukageuka ndani. Hili nalifikiria mara nyingi. Mlango ule ungeweza kustahimili, na polisi walikuwa wameshaitwa, Eun-ji alikuwa na simu sikioni. Jun-ho Mkubwa alitoka peku, mikono mitupu, uso mweupe kama chokaa, akasema kile Kiswahili chake: "Huyu ni wangu."

Nusu ya pili, ile ya aje kwangu, hakuisema. Yule mtu alimwachia mdogo wangu akaenda kwake.

Pigo la kwanza lilimpata kwenye sikio la kushoto. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama sahani inayowekwa mezani. Alianguka kwa magoti, akaikumbatia miguu ya yule mtu asiiachie. La pili begani, la tatu mgongoni, na damu ilimrukia mdogo wangu usoni akiwa ameketi chini mdomo wazi. Ndipo Bibi alipofika. Sikuwahi kumwona akishuka ngazi bila kushika ukuta, siku hiyo alishuka na mchi wa kinu mikono yote miwili. Aliupiga ule mkono wenye nyundo, nikasikia mfupa. Nyundo ikaanguka. Hapo nikamtupia yule mtu shuka kichwani na kulivuta kwa nguvu zangu zote, akaenda chini, na Bibi akaendelea kupiga. Kila pigo alitaja jina. Alimtaja Babu. Alimtaja Dieudonné. Alitaja watu ambao sikuwahi kuwasikia. Jirani yetu Mlebanoni na wanawe walikuja wakamkalia yule mtu mpaka polisi walipofika, na ilibidi wambembeleze Bibi sana ndipo akaachia mchi.

Hospitali tulikaa kwenye viti vya plastiki. Eun-ji alikuwa amebaki na polisi. Mama alitukuta pale, bado amevaa sare ya kazi. Damu kwenye shati la mdogo wangu haikuwa yake.

"Kesho tunabadilisha jina," Bibi alisema. "Hili limeonja damu."

"Tutabadilisha mpaka lini, Mama?" Mama alimjibu, na akaanza kulia.

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akachungulia ukumbini. "Jun-ho?" aliita. "Anyone here for Jun-ho?"

Mdogo wangu aliibana midomo yake akamtazama Bibi. Muuguzi alikuwa wazi mbele yetu, lakini sasa mtoto alikuwa amejifunza kwamba kumwona anayekuita hakutoshi. Muuguzi akaita tena. Hakuna aliyesimama. Nilifikiria kwamba nyuma ya ule mlango kuna mtu amelala na kichwa kilichofunguka, bara zima hili hana ndugu mwingine wa kuja, na anaitwa, na hakuna anayeitika kwa ajili yake. Muuguzi akaanza kuurudisha mlango.

"Itika," Bibi alisema.

Sote tukamgeukia.

"Itika, mutoto wangu. Wanaita jina lenu."

"Here," mdogo wangu alisema, kwa sauti ndogo sana, na akasimama.

Jun-ho Mkubwa hakufa. Sikio la kushoto lilikufa, na kwa hiyo ukimwita lazima urudie, jambo ambalo Bibi alilipenda. Alisema hatimaye amepata adabu ya nyumbani kwetu. Yule mume alifungwa. Eun-ji anakaa Blacktown na ana kicheko cha kuziba masikio. Jina halikubadilishwa, na mdogo wangu sasa ni mrefu kuliko somo wake. Akipiga simu kuomba kazi wanatarajia Mkorea. Akifika, wanatazama nyuma yake kuona kama kuna mwingine. Bibi alitutoka akiwa kitandani kwake, usingizini, na hakuna aliyemsikia akiitwa.

Bibi alitafuta jina ambalo kifo hakilijui, na sasa nikiwa mtu mzima naona jina la namna hiyo halipo. Alichopata ni mtu wa kufungua mlango. Sijui kama ni mila ya kilima chake iliyofanya kazi au ni moyo wa fundi mmoja wa marumaru, na sina haja ya kuvitenganisha. Mimi nikiitwa kutoka nje bado nakwenda dirishani kwanza. Lakini wiki iliyopita, kwenye stesheni ya Bankstown, mama mmoja wa Kikorea alikuwa anamwita mwanawe kwenye umati, "Jun-ho ya!" na kabla sijafikiri nilikuwa nimeshageuka na kusema, "Naam."